Uliza Fundi wa Sauti: Boksi la besi la kubeba kwa mkono mmoja

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga besi hapa Morogoro. Jumamosi usiku napiga na bendi ya dansi, Jumapili asubuhi niko kanisani na kwaya. Boksi langu lina spika moja ya inchi 15, limetengenezwa kwa MDF nene (ubao wa unga wa mbao), na halinyanyuki bila watu wawili. Mwenye bajaji ananitoza nauli ya mtu na ya mzigo, bodaboda wakiliona tu wanawasha pikipiki na kuondoka. Amplifaya yangu ni hizi ndogo za kisasa, haifiki kilo tatu, naiweka kwenye mfuko wa gitaa. Nataka boksi dogo na jepesi la kuendana nayo, lakini besi isipotee. Ndugu yangu ni seremala mzuri. Nimpe vipimo gani?
Mpiga besi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie ndugu yako aweke msumeno chini kwanza. Vipimo vya boksi vinatoka kwenye spika, na bado hujaniambia utaweka spika gani. Wengi wetu tunaanza na mbao kwa sababu mbao ndiyo tunayoijua. Seremala anatengeneza sanduku zuri, halafu mtu anakwenda Kariakoo kutafuta spika ya inchi 12 yoyote itakayoenea kwenye tundu. Sanduku la namna hiyo ama litavuma kwa noti moja na kunyamaza kwa nyingine, ama litakuwa kubwa bure.

Kila spika ina tabia zake, na tabia hizo zinapimika. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu za kuoanisha spika na boksi lenye tundu la hewa. Miaka ya mwanzo ya 1970 Richard Small, pale Chuo Kikuu cha Sydney, akaziendeleza mpaka zikawa kanuni ya kazi duniani kote. Ndiyo maana karatasi ya vipimo ya spika yoyote ya maana ina namba zinazoitwa kwa majina yao wawili. Wewe zitafute tatu: Fs, ambayo ni mtetemo wa asili wa spika yenyewe ikiwa nje ya boksi, Qts, inayoonyesha jinsi sumaku na mwili wa spika vinavyoushika mwendo wa koni, ile sehemu ya spika inayotetema mbele na nyuma, na Vas, inayoeleza ulaini wa koni kwa lita za hewa. Ongeza Xmax, yaani milimita ambazo koni inaweza kwenda mbele na nyuma bila kuharibu sauti. Muuzaji akikuonyesha kibandiko cha wati tu, na namba hizo hana wala hazipatikani kwa jina la spika hiyo, usiinunue kwa kazi hii. Wati zinakuambia spika itastahimili joto kiasi gani. Kuhusu ukubwa wa boksi hazisemi lolote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu. Uzi wa E wa besi ukiuacha wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Kila anayeanza kujenga anataka boksi lake litoe hiyo 41 Hz kwa nguvu ileile ya noti nyingine. Matakwa hayo ndiyo yanayozaa maboksi ya kubebwa na watu wawili. Yupo Mmarekani, J. Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, ambaye jina lake limebaki kwenye kile mafundi wanachokiita kanuni ya chuma: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, kati ya hayo matatu unapata mawili tu. Kanuni hiyo ina hesabu yake. Ukitaka ukubwa wa sauti ubaki palepale huku unashusha kikomo cha chini, ujazo wa boksi unaongezeka kwa mchemraba wa uwiano wa masafa hayo, yaani gawa Hz za zamani kwa mpya, kisha jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe kwa lenyewe. Boksi la lita 46 linaloshika vizuri mpaka 54 Hz, ukitaka lishike vizuri mpaka 41, linadai zaidi ya lita 100. Hizo Hz 13 unazilipia kwa zaidi ya boksi zima la pili.

Je, unazihitaji? Mimi nasema huzihitaji, na nasema hivyo nikiwa mpiga besi kabla ya kuwa fundi. Uzi wa E hautoi 41 Hz peke yake. Unatoa na 82, na 123, na kuendelea juu, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita besi nzito ni hiyo 82 na jirani zake. Chukua boksi maarufu kuliko yote katika historia ya chombo hiki, lile la Ampeg lenye spika nane za inchi 10 lililoingia na amplifaya ya SVT mwaka 1969. Karatasi ya SVT-810E inaonyesha sauti imeshapungua kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ikifika 58 Hz, na kwa desibeli 10 ikifika 40. Boksi hilo lina uzito wa zaidi ya kilo 60, na hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake akasema halina besi. Linapendwa kwa uwezo wa kati ya 80 na 200 Hz, na hapo ndipo mpiga rumba anapoishi: pale kidole kinapoachia uzi na mcheza dansi anajua mguu uende wapi. Katika kumbi zetu za bati na sakafu ya saruji, masafa ya chini ya 50 mara nyingi ni mvumo tu unaowafunika waimbaji.

Kwa hiyo chagua: boksi dogo, sauti kubwa, na kikomo cha chini karibu na 55 Hz. Ukikubali hilo kwa moyo mmoja, uzito unaanza kushuka wenyewe.

Spika yako iwe moja ya inchi 12, omu 8 (hicho ni kipimo cha ukinzani wake kwa umeme), yenye sumaku ya neodimiamu. Spika ya kazi ya inchi 12 yenye sumaku ya feraiti kwa kawaida ina kilo 6 hadi 8. Yenye neodimiamu ina 2 hadi 4. Kubadili sumaku peke yake kunakuokolea kama kilo nne kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana nakushauri pesa yako kubwa iende hapa, hata kama itakubidi ujenge miezi mitatu baadaye. Tafuta Fs kati ya 40 na 50, Qts karibu na 0.33, Vas isiyozidi lita 80 hivi, na Xmax ya milimita 5 au zaidi. Angalia pia unyeti wake, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya desibeli 97 ikilinganishwa na ya 94 ni sawasawa na kuzidisha amplifaya yako mara mbili, bila kuongeza hata gramu moja.

Kanuni za kukadiria ni fupi, na kikokotoo cha kisayansi cha simu kinazimudu. Ujazo wa boksi ni 15 mara Qts kwa kipeo cha 2.87, mara Vas. Mtetemo wa tundu la hewa ni 0.42 mara Fs, mara Qts kwa kipeo cha hasi 0.9. Tuseme umepata spika yenye Fs 44, Qts 0.33 na Vas lita 75. Ujazo unakuja karibu lita 46 na nusu, tundu linalenga 50 Hz, na sauti inashika vizuri mpaka kama 54. Namba za spika yako zikitofautiana na hizi, rudia hesabu. Usitumie vipimo vyangu vya mbao kwa spika nyingine.

Kwa spika hiyo ya mfano, mpe ndugu yako hivi, kwa plaiwudi ya milimita 12. Ubao wa mbele na wa nyuma, kila mmoja milimita 384 kwa 444. Mbavu mbili, 444 kwa 340. Juu na chini, 360 kwa 340. Mbavu zinasimama urefu wote, juu na chini vinaingia katikati ya mbavu, mbele na nyuma vinafunika. Ndani utapata lita 51 na kidogo. Ukitoa nafasi ya spika yenyewe, mabomba na vipande vya kukazia, zinabaki kama lita 46. Kwenye shiti moja ya futi nane kwa nne utatumia chini ya theluthi. Mabaki yatunze, nitakuambia baadaye kwa nini.

Plaiwudi ichague kwa mikono yako mwenyewe. Shiti mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana kilo saba au zaidi kutegemea mti uliotumika, kwa hiyo omba uzinyanyue. Chukua iliyo nyepesi, kisha chungulia kingo zake: ukiona mashimo kati ya tabaka iache, maana yatakuja kutoa mlio wa kukereza kila ukipiga G. Ile nyeusi yenye ngozi inayong'aa, ya kumwagia zege, ni imara lakini ni nzito mno kwa kazi yako. MDF isahau kabisa. Boksi hilihili kwa MDF ya milimita 18 lingekuwa na zaidi ya kilo 12 za mbao tupu, na kona zake zingevimba mvua ya kwanza ya masika. Kwa plaiwudi nyepesi mbao zako zitakuwa kama kilo 5 na robo.

Najua ndugu yako atauliza kama milimita 12 haitatetemeka. Ni swali la haki: ugumu wa ubao unakua kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo wa 18 ni mgumu zaidi ya mara tatu kuliko wa 12. Lakini ubao huohuo wa 12 ukiukata nafasi katikati kwa kuushikiza na mwenzake wa upande wa pili, unafaidi zaidi kuliko ungenenepeshwa. Weka mti wa sentimita 2 kwa 4 kutoka ubavu hadi ubavu, ukipita nyuma ya sumaku bila kuigusa. Weka mwingine kutoka ubao wa mbele, chini kidogo ya spika, hadi ubao wa nyuma. Wa tatu uunganishe juu na chini. Yote mitatu haifiki nusu kilo. Ukimaliza gonga kila upande kwa kifundo cha kidole: unataka mlio mkavu na mfupi. Upande unaolia kama ngoma uongezee kipande.

Gundi iwe ya mbao, isiyoyeyuka kwa maji, ipakwe pande zote mbili za kila kiungo na kubanwa kwa jiliwa au skrubu usiku kucha. Skrubu ukitaka unaweza kuzitoa gundi ikikauka na kuziba matundu. Kinachoshika ni gundi. Ndani, kila pembe ipitishie gundi tena kwa kidole. Boksi la namna hii linafanya kazi kwa hewa, na upenyo wa hewa pasipotakiwa unakula besi na kutoa mlio wa kufoka. Spika ifungwe kutoka mbele kwa bolti na nati za meno zinazokaa nyuma ya ubao, si kwa skrubu za mbao, kwa sababu plaiwudi ya 12 haitavumilia kufunguliwa mara nyingi.

Tundu la hewa: tumia mabomba mawili ya PVC ya inchi 3, moja kila kona ya chini. Pima kipenyo cha ndani kwa rula, maana mabomba ya madukani hayalingani. Kama ni sm 7.5, kwa lita 46 na 50 Hz kila bomba linahitaji urefu wa karibu sm 17.5. Kwa kipenyo kingine hesabu ni hii: 23,562 mara kipenyo (kwa sm) mraba, mara idadi ya mabomba, gawa kwa zao la mtetemo mraba na lita, kisha toa 0.73 ya kipenyo. Midomo ya mabomba ipige msasa iwe ya mviringo ili hewa isipige mluzi.

Usiyakate mara moja kwa kipimo cha mwisho. Yakate sm 20, yabane kwa utepe bila gundi, funga spika, kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mnyoofu, iunganishe na amplifaya, sauti ndogo. Anza 70 Hz ushuke polepole huku unaitazama koni. Itafika mahali koni inakaribia kusimama, na hewa inatoka kwa nguvu kwenye mabomba. Hapo ndipo boksi lako lilipotegwa. Ikiwa ni 47, punguza mabomba kidogo kidogo mpaka ifike 50. Bomba fupi linapandisha, bomba refu linashusha. Mtu akiuona utulivu ule wa koni kwa macho yake, anaelewa kwamba tundu si urembo, kwamba pale hewa ya boksi ndiyo inayopiga besi. Ukiridhika, paka gundi.

Ndani tandaza sponji ya godoro ya sm 2 hadi 3 mgongoni, juu na ubavu mmoja, mbali na midomo ya mabomba. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha. Paka rangi nje na vanishi ndani pia, hasa kwenye kingo. Kapeti usiweke: ina uzito, na inakunywa maji. Mkono wa kubebea uweke juu, lakini kwanza funga spika, kisha tafuta boksi linapojisawazisha. Spika italivuta mbele, kwa hiyo mkono hautakaa katikati kabisa. Pamoja na wavu na kona za plastiki utakuwa na kama kilo 11, na boksi la sm 38 kwa 44 kwa 36. Bodaboda atalikubali.

Ukifika ukumbini liweke sakafuni, karibu na ukuta, liinamishe kidogo nyuma likutazame masikioni. Ukilipandisha kwenye kiti unapoteza msaada wa sakafu, na boksi dogo linauhitaji msaada huo.


SWALI: Mzee wangu, hujambo? Mimi napiga besi ya nyuzi tano kwa bendi ya injili hapa Nairobi. Boksi la inchi 12 moja nimelitamani sana, lakini naogopa ule uzi wa B wa chini utaliua. Nitege tundu chini zaidi, kama 31 Hz?
Nyuzi Tano, Nairobi

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Hapana, usitege 31. B ya chini kweli ni 31 Hz, lakini kwa kanuni ileile ya Hofmann, kuishika kwa nguvu sawa kungetaka karibu lita 240. Ukitega chini ndani ya boksi dogo utapata besi dhaifu kwenye noti zote ili kuipendeza noti moja. Sikio letu lina uwezo wa ajabu: likisikia 62 na 93 zikija pamoja, linaijaza 31 lenyewe, na msikilizaji anaitambua B bila shaka yoyote.

Hofu yako, hata hivyo, ina msingi. Chini ya mtetemo wa tundu, hewa ya boksi haiishikilii koni tena. Inakwenda mbele na nyuma bila breki, na koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaweza kugonga nyuma. Kwa sauti ileile, kila ukishuka oktava moja, yaani Hz zikipungua kwa nusu, koni inadaiwa mwendo mara nne. Kwa hiyo weka kichujio kinachokata masafa ya chini kabla ya amplifaya, kwenye 35 hadi 40 Hz. Amplifaya nyingi za sasa zinacho ndani. Kama yako haina, vipo vidogo vya kuweka njiani kati ya gitaa na amplifaya. Utashangaa jinsi sauti inavyosafika, kwa sababu umeme uliokuwa unapotelea kwenye mtikisiko usiosikika sasa unafanya kazi. Na kitufe cha besi kwenye ikwalaiza usikipandishe mwisho. Ukihitaji uzito, ongeza kidogo karibu na 80.

Ukipata kazi kwenye uwanja au kanisa kubwa, jenga boksi la pili sawasawa na la kwanza. Ndiyo maana nilimwambia mwenzako wa Morogoro atunze mabaki ya shiti. Mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, kiwango ambacho amplifaya nyingi ndogo zinakiruhusu, lakini soma nyuma ya yako kwanza. Yapange moja juu ya jingine, si ubavu kwa ubavu; sauti itaenea vizuri kushoto na kulia, na lile la juu litakuwa karibu na masikio yako. Kilo 11 kila mkono ni rahisi kupandisha ngazi kuliko kilo 22 za mkono mmoja.


SWALI: Assalaam aleikum fundi. Ninayo spika ya sabufa ya gari, inchi 12, imeandikwa wati 1000, haijatumika. Naweza kuijengea boksi dogo nikaitumia kwa gitaa la besi kwenye kikundi chetu cha taarab?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa gitaa la besi haitakufaa, na bora ulijue hilo kabla hujanunua ubao. Spika ya sabufa ya gari imetengenezwa kwa koni nzito ili ishuke chini ndani ya nafasi ndogo, na bei yake ni unyeti. Nyingi zinatoa kama desibeli 86 kwa wati 1, wakati spika nzuri ya gitaa la besi inatoa 96. Tofauti ya desibeli 10 ni umeme mara kumi: wati 300 kwenye sabufa yako zitasikika kama wati 30 kwenye ile nyingine. Zaidi ya hapo, haipandi. Kwenye taarab gitaa la besi linajibizana na ngoma na kinanda, na watu wanahitaji kusikia mwanzo wa kila noti, kidole kinapogusa uzi. Hayo yako mamia ya Hz hadi elfu mbili na kuendelea, na koni nzito haiwezi kuyakimbilia. Nyingi za gari pia ni za omu 4 au 2, kwa hiyo hutaweza kuongeza boksi la pili.

Iuze kwa mwenye gari wakati bado mpya, na pesa hiyo iwe mwanzo wa spika ya neodimiamu. Kwa huko kwenu kisiwani naongeza moja: vanishi ya ndani ya boksi ipake mara mbili, na bolti za spika ziwe za chuma kisichoshika kutu.